Saa Aliyoirudisha Mama

Mama alinusa nguo kabla ya kuziloweka. Alikuwa dobi, na kwake hiyo ilikuwa kazi tu, kama fundi anavyopima mbao kabla ya kukata. Alilinyanyua shati mpaka puani, akavuta pumzi mara moja, fupi, macho kayafumba kidogo, na mkono ukajua wenyewe pa kulitupa. La jasho beseni hili, la mafuta ya taa lile. Shuka la mgonjwa aliloweka peke yake kwenye maji ya chumvi, tena bila kusema kitu, mwenye shuka asije akaona haya.

Mimi nilikua nikidhani kila mama anafanya hivyo. Nikitoka kucheza alinivuta kwake akaninusa utosini. "Wewe leo ulilala kwenye mchanga wa paka," alisema, na ilikuwa kweli.

Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba vilivyopangana mstari mmoja, na uani kulikuwa na kamba za kuanikia nguo kutoka ukuta mpaka ukuta. Chumba cha mwisho tulikipangisha. Mpangaji alikuwa kijana mwembamba, masikio makubwa, aliyevaa suruali moja mpaka ikasimama yenyewe. Huyo ndiye ambaye leo nchi nzima inamwita Mtunzi, kana kwamba hajazaliwa mtunzi mwingine. Wakati huo alikuwa mpangaji tu. Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akamwangalia Mama akifua, na chakula kikiiva alikula na sisi.

"Mama, hili linasema nini?" kijana aliuliza kila Mama aliponusa shati lake.

"Linasema umelala nalo, mvivu wewe. Vua na hilo jingine."

Walicheka wote wawili. Mama alimpenda. "Huyu mtoto hana mtu," alituambia, na kipande kikubwa kilikwenda kwenye sahani yake.

Jambo jingine la kazi ya Mama lilikuwa mifuko. Hakuloweka suruali kabla ya kuigeuza mifuko nje. Alichokikuta alikifunga kwenye kitambaa, akakitundika kwenye msumari karibu na mlango, na mwenyewe akija anakikuta. Vifungo, sarafu, hirizi ya mtu, pete, meno ya bandia mara moja. Kila kitu kilipita kwenye msumari ule na kila kitu kilirudi kwa mwenyewe.

Siku moja alikuta saa kwenye suruali ya mpangaji. Ilikuwa saa ya mkononi ya marehemu baba yake, kitu pekee alichoachiwa. Mama hakuitundika. Alijua kijana atachanganyikiwa akiikosa, akaenda nayo mbio mpaka kwenye ukumbi alikokuwa akifanya mazoezi ya maigizo na wenzake, povu bado liko viwikoni, mimi nikimfuata nyuma. Kijana alilia. Aliishika ile mikono yenye povu akaibusu mbele ya wenzake, akasema, "Nitakulipaje mama yangu?" Mama akamwambia, "Uache kulala na nguo, basi."

Nimeyaandika haya kwanza ili yakae mahali. Yanayofuata watu wanayajua, au wanadhani wanayajua.

Mchezo wa kwanza wa Mtunzi kupata sifa ulimhusu dobi aitwaye Bibi Pua. Bibi Pua ananusa nguo za watu, na kwa kunusa anajua nani alilala wapi, nani analewa, nani hajaoga. Halafu anawatisha wenyewe, na mifuko anaikomba. Mwisho majirani wanamkamata uani, anaapa mbingu na ardhi, na binti yake anajitokeza mbele, mikono kichwani, anapiga kelele, "Mama yangu hakuiba!" Papo hapo saa inadondoka kutoka kifuani mwa Bibi Pua. Ukumbi unavunjika mbavu.

Sisi tulipelekwa kuutazama. Tulikaa viti vya mbele, wageni wa heshima. Mama alicheka mwanzoni, dobi wa jukwaani alipoingia na kilemba kilichofungwa kama chake. Kisha akaacha kucheka. Saa ilipodondoka aliutazama mkono wake mwenyewe, akaugeuza kiganja juu, chini, kama anatafuta kitu.

Mchezo ule ukaingia redioni, ukaingia shuleni. Watoto wakasimama getini kwetu na kuvuta pua, fff, fff, halafu wakakimbia. Watu wazima hawakukimbia. Walivuta pua zao hapo hapo usoni pa Mama wakacheka, wakitaka naye acheke. Wateja walipungua polepole, kila mmoja na tabasamu lake. "Si kwamba tunaamini, mama. Ila mume wangu ndiye hataki." Mwenye duka wa barabarani kwetu, mama mnene mwenye sauti, alikuwa akimwona Mama anaingia anaifunika droo ya pesa kwa mikono miwili. "Jamani, Bibi Pua huyo!" Halafu, "Utani tu, dada, usininunie."

Na mimi nifanye nini? Nilikuwa na la kusema, lakini lilikuwa lile lile la binti wa jukwaani. Nilipolisema mara ya kwanza, pale dukani, wateja wote walipiga makofi. Mmoja akaniambia, "Weka na mikono kichwani!" Nilirudi nyumbani midomo imekauka. Mtunzi alikuwa ametunyang'anya hata maneno ya kujitetea, akayafanya ya kuchekesha, na huwezi kumshtaki mtu kwa hilo.

Mama akaacha kunusa. Alifua kafunga kitambaa puani, akisema sabuni za siku hizi zinamkera. Alikosea mabeseni. Chakula kiliungua yuko hapo hapo. Nilipojifungua binti yangu, nilimpa amshike. Alimpokea kwa mikono iliyonyooka, akamweka mbali na uso wake kama mtu aliyebeba sufuria ya moto, akatazama huku na huku nani anamwona. Hakumnusa. Mjukuu wake wa kwanza, kichwa bado kina ule unyevu, naye hakumnusa. Ni hapo nilipoanza kumchukia Mtunzi kwa moyo wote.

Lakini nani angenisikiliza? Mtunzi alikuwa amependwa kupita kiasi. Picha yake ilibandikwa kwenye vibanda vya vinyozi kati ya mitindo ya nywele. Mkahawani hakulipa, na aliyekaa meza ya jirani alikwenda kuwasimulia watu alichoagiza. Wazazi waliwapa watoto jina lake. Akikohoa, watu walinyamaza wakasubiri, labda kikohozi nacho kina mwisho wa kuchekesha. Nilimwona mtu akiokota kijiti alichochokolea meno akakifunga kwenye leso. Akanenepa, midomo ikawa na maji muda wote. Alijipaka marashi mengi, na chini ya marashi palikuwa na kitu kilichochacha.

Mama alipougua na daktari akatuambia tumrudishe nyumbani, nilikwenda kumtafuta Mtunzi ukumbini. Sikwenda kuomba msaada. Nilitaka neno moja tu, aseme mbele za watu kwamba saa ilirudi. Yeye akisema, wataamini.

Nilimkuta amekaa mbele ya jukwaa anakula mayai ya kuchemsha, waigizaji wamesimama wanamngoja ameze.

"Aaa! Mtoto wa Bibi Pua!" alipaza sauti. Yule msichana anayeigiza binti akaweka mikono kichwani hapo hapo na kuimba maneno yangu. Wote wakacheka. Mtunzi alicheka mpaka kiini cha yai kikamtoka pembeni mwa mdomo, kikabaki hapo.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba, dada mdogo. Mama hajambo?"

"Anakufa."

Alifuta mdomo, akakiacha kile kiini. Aliwaashiria waigizaji wakapumzike. Uso wake ulibadilika kweli, siwezi kusema uongo. Akavuta kiti.

"Nimekuja kukuomba kitu," nilisema. "Ile saa. Sema kwamba ilirudi."

"Saa gani?" Kisha akakumbuka. "Aah. Ile."

"Watu wanadhani aliichukua."

"Hawadhani! Ni mchezo, dada mdogo. Wanajua ni mchezo."

"Wateja wamemwisha. Mwenye duka anafunika droo."

"Wanampenda! Kwa nani mwingine mtaani kwenu watalii wanaletwa kuonyeshwa mlango? Nimempa mama jina ambalo mimi mwenyewe sina uhakika kama ninalo." Alisema hivyo bila mzaha. Aliamini kabisa kwamba ametupa zawadi, na sisi tumekosa adabu ya kushukuru.

"Lakini ilirudi," nilisema. "Wewe ulilia."

"Nililia, ndiyo." Akachukua yai jingine, akaligonga kwenye goti. "Nilijaribu kuandika hivyo, ujue. Mwanzoni. Ukumbi ulilala. Saa iliyorudi haimchekeshi mtu." Alibandua maganda taratibu akayaangusha sakafuni. "Ila sawa. Mama ni mama. Nitasema. Nakuahidi, nitasema mbele ya watu wote kwamba ilirudi. Na nitakuja kumwona."

Alinikumbatia. Harufu ya yai na marashi ilinifuata mpaka nyumbani.

Nilimwambia Mama. Alikuwa amelalia ubavu, mdogo kitandani kama nguo iliyovuliwa. "Atasema?" aliuliza.

"Amesema atasema."

"Kwamba ilirudi?"

"Kwamba ilirudi, Mama."

Akafumba macho, na siku ile alikula. Tangu hapo, kila alipousikia mguu uani aliuliza, "Ndiye?" Kumbe ni mimi, au binti yangu, au mbuzi wa jirani. Hakuja. Mama akafariki akiwa amegeukia mlangoni.

Mjomba, mdogo wake Mama, ndiye aliyeshika mambo ya mazishi. Ni mtu mwema, lakini anapenda makubwa. Alikuja na simu sikioni, amelowa jasho, machozi na furaha vimemchanganyikia usoni.

"Anakuja! Mtunzi anakuja, mwenyewe! Ameomba apewe nafasi ya kusema."

"Ameomba mwenyewe, mjomba?"

"Mwenyewe! Dada yangu anazikwa kama waziri!"

Nilifikiri, basi amekumbuka. Amechelewa, lakini Mama ataingia ardhini akiwa msafi.

Watu walijaa uani mpaka barabarani. Sijui wangapi walikuja kwa ajili ya Mama. Kamba zake za nguo zilikatwa ili watu wapite, na mtu mmoja alimbeba mtoto mabegani amwone Mtunzi akishuka garini. Jeneza lilikuwa wazi ili watu waage. Nilisimama upande wa kichwa na binti yangu, tukipokea pole.

Mwenye duka akafika, anafuta macho. Alikuwa analia kwa dhati. Alipoinama kumtazama Mama, aliuhamisha mkoba wake kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia, mbali na jeneza, akaubana tumboni. Sidhani kama alijua amefanya hivyo. Mkono ulifanya wenyewe. Mama alikuwa amelala amefungwa pamba puani, na mtu anamfichia mkoba.

Kisha Mtunzi akapewa nafasi. Alivua kofia.

"Sikuwa na baba," alianza, kwa sauti ya chini niliyoijua zamani, sauti ya kwenye ndoo. "Sikuwa na mtu. Mama huyu alinipa chumba, na sahani yangu ilijaa kuliko ya watoto wake."

Mjomba alipenga kamasi. Mimi niliushika mkono wa binti yangu.

"Siku moja nilisahau saa yangu kwenye mfuko wa suruali. Saa ya marehemu baba. Na mama huyu, mikono imejaa povu..."

Hapo akavuta pumzi. Na hapo, nyuma kule karibu na geti, mtu akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo tu, cha mtu anayejua kinachokuja na hawezi kukingoja. Mwingine akamfuata. Mtunzi alikisikia. Nilimwona akikisikia. Kichwa kiligeuka kidogo, kama mbwa aliyesikia sahani inawekwa chini. Midomo ikalowa. Alinitazama mimi, akalitazama geti, na nikajua tumeshampoteza.

Akaiinua mikono yote miwili, akavuta mkono wa koti. Kifundo cha mkono kitupu. Akatoa macho. Akajipapasa kifuani, mifukoni, matakoni.

"Jamani!" alisema. "Saa yangu iko wapi?"

Ua mzima ukalipuka kwa kicheko. Mjomba alishikilia nguzo. Wabeba jeneza walicheka mabega yakatikisika. Na Mtunzi, kwa kuwa walicheka, akaendelea. Akalisogelea jeneza kwa kunyata, akainama juu ya Mama mpaka pua yake ikakaribia pamba zake, akavuta pumzi, fff, fff, akainuka na kutikisa kichwa kwa masikitiko makubwa.

"Hata leo hataki kusema!"

Mwenye duka alikuwa amekaa chini kwa kicheko. Machozi ya msiba na machozi ya kicheko yalimshuka kwenye shavu moja, akayafuta kwa kitambaa kimoja.

Nilifungua kinywa. Neno lilikuwa hapo, limekaa kwenye ulimi, lile lile. Nikaona msichana wa mchezoni amesimama nyuma ya Mtunzi, ananitazama, anangoja kuona kama nitalisema vizuri kuliko yeye. Nikalimeza. Lilishuka kama mate ya mtu mwingine.

Badala yake nilishika kifuniko cha jeneza nikakifunga. Sikukibamiza, lakini Mtunzi alikuwa ameinama tena, ikabidi arudishe pua haraka. Watu wakapiga makofi. Kwao nami nilikuwa ndani ya mchezo. Mtunzi akainama kushukuru.

"Dada angekuwepo," Mjomba alisema akijifuta, "angecheka mwenyewe."

"Yupo, mjomba," nilimwambia. "Yupo humo."

Aliacha kucheka. Yeye peke yake.

Baada ya kuzika, Mtunzi alinifuata nilipokuwa nimesimama na binti yangu kando ya kifusi. Watu walimshika mikono ya koti njia nzima. Alitokwa jasho sana. Alinikumbatia kabla sijarudi nyuma.

"Tumemuaga vizuri, sivyo? Umeona watu walivyofurahi."

"Hukusema."

"Nilitaka." Aliniachia akanitazama, na yale masikio makubwa ya zamani bado yalikuwa pale pande zote mbili za ule unene. "Uliniona, dada mdogo. Nilikuwa nimeshaanza. Lakini walicheka. Wakishacheka..." Akafungua viganja. "Ungetaka niwafanyeje?"

Alikuwa anauliza kweli. Alinisikitisha kwa muda mfupi sana, halafu mtu akamwita kwa nyuma, "Mtunzi! Saa ngapi?" naye akageuka kabla sentensi haijaisha, mkono umeshapanda juu, macho yameshatoka.

Begani pangu alipoegemea palikuwa na doa la maji. Binti yangu alilitazama.

"Mama, amekulowesha."

"Tutafua," nilisema.

Kesho yake nilifunga kamba upya uani, nikatoa mabeseni ya Mama. Nguo za msiba zilikuwa nyingi. Ndugu walikuwa wameziacha kwenye lundo, kwa sababu hiyo ndiyo nyumba ya kuachia nguo. Nilikuwa sijawahi kuifanya kazi ile. Mama alitaka nisome, nikasoma mpaka sekondari, na nilifua nguo zangu tu. Sikujua kipi kinakwenda wapi. Nikanyanyua shati la mtu na kulipeleka puani.

Ng'ambo ya ukuta kulikuwa na watu. Mmoja akavuta pua, fff. Sauti ya mwenye duka ikasema, "Mwacheni, jamani, ana msiba," lakini na yeye alikuwa anazuia kicheko, nilisikia.

Niliweka lile shati kwenye beseni la jasho. Nikachukua gauni langu lenye doa la begani, nikalinusa nalo, kwa sababu kazi ni kazi. Marashi, yai, na kile kilichochacha. Nilitema mate. Nikalitupa peke yake kwenye maji ya chumvi, kama shuka la mgonjwa.

Chini ya lundo palikuwa na kilemba cha Mama, kile alichokivaa kitandani. Hicho nilikishika kwa muda mrefu usoni. Pua ng'ambo ya ukuta zikaongezeka.

"Kinasema nini?" binti yangu aliniuliza. Hakuna aliyemfundisha swali hilo.

Nikampa. Alikiweka usoni, akafumba macho, akavuta pumzi mara moja, fupi.

"Bibi," alisema, kwa sauti kubwa kabisa, uani, watu wote wasikie.

Hicho hatukukiloweka. Nikavuta suruali iliyofuata, ya Mjomba, nikageuza mifuko nje kabla ya kuitia majini. Kulikuwa na funguo. Nikazifunga kwenye kitambaa, nikaenda nikazitundika kwenye msumari karibu na mlango, mwenyewe akija azikute.